Mgeni wa Dar es Salaam Alale Magomeni

BARAZANI
Na Mwanaidi Chuma

Mojawapo ya majengo ya mwanzo kabisa ya jiji hili lilijengwa kwa ajili ya wageni. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kuujenga mji wake mpya kando ya kijiji cha Mzizima, katika miaka ya 1860, aliagiza ijengwe nyumba ya mawe ya matumbawe yenye mlango wa nakshi ili wageni wake wapate pa kufikia. Ndilo Boma la Kale tunalolipita Barabara ya Sokoine, mkabala na bandari. Majid alifariki 1870 mji wake ukiwa haujakamilika. Wajerumani wakalichukua jengo, Waingereza wakafuata, na hadi leo limesimama. Lilifanyiwa ukarabati, na tangu 2017 ndani yake mna kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam.

Ukarabati ule ulinifurahisha sana, nami huwahimiza watu waende wakaone. Hata hivyo, wageni wa Boma walikuwa wageni wa Sultani. Wageni wa watu wa kawaida, waliokuja mjini kwa miguu, kwa jahazi, kwa treni na baadaye kwa basi, walilala wapi? Nyumba zilizowapokea zipo, nyingine ziko Kinondoni na Temeke, na tunazibomoa bila hata kuziandika.

Tukumbuke mji huu ulivyogawanywa. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891 ziliamua nyumba ya aina gani ijengwe wapi, na Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo mpaka sote tukazoea kusema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Malazi nayo yakagawanyika vivyo hivyo. Hoteli ya Kaiserhof ya Wajerumani, ambayo Waingereza waliigeuza kuwa New Africa, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliingia humo kama mpishi, boi au dobi. Jengo lile la zamani limeshabomolewa, na hoteli yenye jina hilo leo ni jengo jipya.

Uzito wa jambo hili aliueleza vizuri mgeni mmoja aliyetoka mbali. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, Nelson Mandela alipita nchini kwetu akitoroka Afrika Kusini kwa siri, akafikia katika hoteli moja mjini Mbeya. Katika kitabu cha maisha yake anakumbuka alivyowakuta weusi na weupe wameketi pamoja barazani wakizungumza, jambo ambalo hakuwahi kuliona katika hoteli yoyote maishani mwake. Mtu aliyekuja kuomba msaada wa ukombozi alianza kuuona ukombozi wenyewe barazani pa hoteli. Nani anaruhusiwa kulala wapi ni sehemu ya historia ya nchi, sawa na nani anaruhusiwa kupiga kura.

Kwa Mwafrika wa Dar es Salaam ya kikoloni, hoteli ilikuwa nyumba ya Kiswahili. Wasomaji wengi mmezaliwa humo. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi mrefu wenye vyumba vitatu kila upande, na nyuma kuna uani penye jiko, choo, bafu na kamba ya kuanikia. Kuta zilikuwa za miti na udongo, baadaye za tofali, na paa la makuti likawa la madebe yaliyofunguliwa, kisha la mabati. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha, na ndugu wa mpangaji akija kutoka Songea au Tabora alitandikiwa mkeka ukumbini. Ndivyo ilivyokuwa Kariakoo na Ilala. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, serikali ya Waingereza ilipopima viwanja na kujenga kota za Waafrika, ramani hiyohiyo ya nyumba ilihamia Magomeni na Temeke.

Mwaka 1957 jiji hili lilikuwa na watu 128,742. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu wote hao, au wazazi wao, waliwahi kufikia mahali fulani usiku wao wa kwanza. Hata Mwalimu Nyerere, alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 ili aitumikie chama cha TANU, alipokewa nyumbani kwa mwenzake wa chama, Abdulwahid Sykes, Kariakoo. Kisha akahamia Magomeni, kwenye nyumba yake ndogo ambayo leo ni makumbusho. Kwa hiyo Serikali imeshakubali kwamba nyumba ya uswahilini inaweza kuwa urithi wa taifa. Naomba ikubali kwamba ziko nyingine.

Mwezi uliopita nililala katika gesti moja ya Magomeni, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro. Nyumba ilijengwa katika miaka ya 1950 na baba wa mama anayeiendesha leo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu, pole na jua," akanisogezea kitabu cha wageni. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako, saini. Mistari iliyotangulia wa kwangu ilikuwa na watu wa Masasi, Kigoma, Tunduma na Lubumbashi. Nililipa shilingi 20,000, nikapewa ufunguo, taulo, kipande cha sabuni na ndala.

Chumba kilikuwa na kitanda cha mninga, chandarua, feni na dirisha la mbao. Mchana wa Dar es Salaam mnaujua. Ila mama alikuwa ameacha wazi mlango wa mbele na ule wa uani, upepo ukipita ukumbini moja kwa moja, na juu ya kila mlango wa chumba fundi wa zamani aliacha nafasi yenye nondo za kupitishia hewa. Sikuwasha feni hadi usiku. Waliojenga nyumba ile walilielewa joto la pwani kuliko wengi wanaotujengea leo majengo ya vioo ambayo umeme ukikatika hayakaliki.

Jioni tulikaa barazani. "Wageni wangu wengi wana mgonjwa Muhimbili au wana mzigo Kariakoo," aliniambia. "Wanachotaka ni maji yatoke na mlango ufunge." Asubuhi mama lishe wa jirani alikuwa ameshapanga meza yake, vitumbua vya moto na chai ya tangawizi, na wageni walikaa benchi moja wakielekezana njia. Mmoja alieleza basi la mwendokasi linapopandiwa, mwingine akataja duka la jumla lisilopunja. Maelekezo ya namna hiyo hutayapata mapokezini pa hoteli kubwa.

Gesti hizi zimeufuata usafiri kila ulikohamia. Zilizoko kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Magomeni hadi Manzese, zilinawiri kwa mabasi ya bara. Stendi ilipokuwa Ubungo, nyingine zikaota huko, na tangu 2021, stendi ilipohamia Mbezi Luis, zinaota Mbezi. Za Temeke zilikuwa za watu wa kusini. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na mvua ikinyesha barabara ya Lindi na Mtwara ilikatika. Msafiri alisubiri Temeke mpaka njia ifunguke, na mwenye gesti akawa ndugu yake wa muda. Temeke hiyohiyo, pale Kurasini, ndiko chama cha FRELIMO, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilikowasomeshea vijana wake waliokimbia Msumbiji. Kote huko ni pembezoni mwa jiji, na ndiko wageni walikopokewa.

Mama wa Magomeni aliniambia pia jambo lililoninyima usingizi. "Wanangu wanataka tuuze. Siwalaumu." Kiwanja chake kina thamani kubwa kuliko nyumba iliyomo. Wajenzi humfuata na mapatano tunayoyajua tangu Kariakoo: mwenye kiwanja atoe ardhi, mjenzi asimamishe ghorofa, wagawane. Kariakoo ya nyumba za Kiswahili karibu imekwisha kwa njia hiyo. Magomeni Kota, zile nyumba za serikali za enzi ya Mwingereza, zilibomolewa, na Machi 2022 yakafunguliwa maghorofa ya kaya 644. Waliorejea wamepata makazi bora, jambo jema. Lakini haikubaki hata kota moja ya kumwonyesha mtoto wa shule babu yake aliishije.

Sheria nayo inatuacha pabaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Dar es Salaam ilianza kujengwa wakati huohuo, kwa hiyo karibu jiji zima liko nje ya ulinzi huo. Kinachobaki ni Waziri kutangaza jengo kwa jina, na yaliyowahi kutangazwa mengi ni ya katikati ya jiji: makanisa, ofisi, nyumba za watawala. Anayetaka kuona Mwingereza aliishi wapi ataonyeshwa. Anayetaka kuona dobi wake aliishi wapi hana pa kupelekwa.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Nyumba ni ya mirathi, ndugu ni wengi, na kumbukumbu hailipi ada ya shule. Wengine watasema gesti za uswahilini zina sifa mbaya, na kweli zipo zilizoharibika. Mimi kama mwanamke nimewahi kuangaliwa vibaya katika mapokezi fulani kwa sababu tu nilikuwa peke yangu na begi langu. Sifa hiyo inarekebishika. Gesti ya mama yule ina wageni kila siku kwa sababu ni safi na ana macho yake juu ya kila anayeingia. Suala la fedha ndilo gumu zaidi, na halitatatuliwa kwa kuwahubiria warithi uzalendo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji asipopona atauza, na ana haki.

Basi tumponye. Kwanza, halmashauri za Kinondoni na Temeke, pamoja na Jiji la Dar es Salaam kwa upande wa Ilala, zichague kila moja mtaa mmoja ambao nyumba zake za zamani bado zimesimama, na Chuo Kikuu Ardhi kiombwe kupeleka wanafunzi wake wakazipime na kuzichora. Hata zitakazobomolewa zitakuwa zimeandikwa kwenye orodha.

Pili, mwenye nyumba atakayekubali kuitunza kwa umbo lake apunguziwe mzigo. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Mfumo unaoweza kuikata nyumba moja moja kila mwezi unaweza pia kuisamehe nyumba moja moja. Ushuru wa nyumba za kulala wageni unaokusanywa na halmashauri nao ulegezwe kwa gesti zilizomo kwenye orodha hiyo, ili fedha ikarudi kwenye bati na kuta.

Tatu, Chuo cha Taifa cha Utalii kiwafundishe wahudumu wa gesti hizi usafi, usalama, kumpokea mgeni mwanamke kwa heshima na kutunza siri ya mgeni. Mafunzo mafupi ya jioni yanatosha kuanzia.

Nne, Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale atumie mamlaka aliyonayo kutangaza nyumba chache za Kiswahili, kwa ridhaa ya wenyewe. Zanzibar imetuonyesha yanayowezekana na yanayoumiza. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na nyumba nyingi za kale zimepona kwa kugeuzwa hoteli. Lakini katika nyingi ya hoteli hizo mtu wa kawaida hawezi kulala, na Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib mjini humo iliporomoka na kuua watu ingawa sifa zake zilikuwa zimeenea duniani kote. Tuchukue mafunzo yote mawili: sifa bila matengenezo hailindi ukuta, na nyumba iliyookolewa isimfukuze jirani.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko Temeke. Mashabiki watakuja kutoka pande zote za bara hili, wengi wao wakiwa na mfuko mdogo, na hoteli za baharini hazitawatosha wala hawataziweza. Kazi tunayoweza kuimaliza kabla ya hapo ni ndogo: nyumba kumi au ishirini za Magomeni, Kinondoni na Temeke, zilizopakwa chokaa, zenye maji, mlango unaofunga na jina lake katika orodha ya Wizara. Mgeni alale humo, alipe, na fedha yake ilale mtaani.

Nawe uliyerithi nyumba ya aina hiyo, kabla hujatia saini mkataba wa ghorofa, mwite mpiga picha, kaa na mzee aliyebaki, andika nani aliijenga, mwaka gani, na nani walilala humo. Halmashauri ikija kesho na orodha yake, itahitaji mtu wa kuanzia naye.