Picha ya Koti na Makasi ya Fundi

Mama mmoja wa Kabambare atuuliza: amepata picha ya koti la kike iliyochorwa kwa kalamu, naye ana mita tatu za kitambaa alizozinunua kwa mapato ya mpunga wake. Je, ampelekee fundi?

Mama, ngoja kidogo. Mchoro wa namna hiyo si kipimo. Mchoraji wa mitindo humrefusha mwanamke apendavyo: miguu ya korongo, kiuno cha nyigu. Tena huonyesha mbele tu. Mgongo uko wapi? Kwapa limekatwaje? Hapo ndipo koti huharibika, maana mkono usipokaa vema begani, mama hawezi kumwinua mtoto wala kushika kikapu kilicho kichwani.

Huko Paris, Cristóbal Balenciaga alilijua jambo hili. Alizaliwa mwaka 1895 huko Getaria, Hispania, mji wa wavuvi. Mamaye alikuwa mshonaji. Alifungua nyumba yake Paris mwaka 1937, akaifunga mwaka 1968. Wengine walisifiwa kwa kuchora. Yeye aliweza kukata na kushona kwa mikono yake mwenyewe, na husimuliwa jinsi alivyofumua mkono wa koti na kuushona tena mpaka ukatii. (Alikuwa Mkatoliki wa kwenda kanisani, nasi twafurahi kulitaja.) Mwaka 1961 alitoa koti la mshono mmoja tu. Kwenye karatasi koti kama hilo ni mistari michache. Kazi yote imo katika kitambaa.

Basi, shona kwanza koti la kujaribia. Shuka kuukuu yatosha. Livae, inua mikono, piga magoti kama kanisani, mpakate mtoto. Palipovuta, tia chaki. Kisha fumua, na vipande hivyo viwe mfano wa kukatia kitambaa chako. Kwapa likibana, mwendee fundi wa kanzu, kwa kuwa yeye ajua kutia kikwapa. Bitana uiache, na sufu pia. Joto letu lajulikana.

Fundi akicheka, acha acheke. Namjua kijana wa Kasongo, hodari wa mashini, aliyekata koti kwa kutazama picha tu, bila kumpima mwenyewe. Kitambaa kilikuwa cha mjane. Alimlipa kidogo kidogo, toka mavuno hata mavuno, na koti lenyewe li ukutani kwake hata leo, mkono mmoja haujashonwa.