Theluji Haina Mwenyewe, Kalenda Ina Wenyewe

Kila msimu wa baridi unapoingia, malalamiko mawili huletwa kwetu yakiwa yamefungwa fundo moja. La kwanza ni kwamba shule imefungwa alfajiri kwa sababu ya theluji, na mzazi aliyerudi kutoka zamu ya usiku hajui mtoto atakaa na nani. La pili ni kwamba wilaya ya shule imeondoa siku moja ya masomo katika wiki, na mzazi huyo huyo hajui mtoto atakaa na nani kila Jumatatu, tangu Agosti hadi Mei. Kwa kuwa usumbufu unaomfika ni ule ule, tumezoea kuyasema yote mawili kwa pumzi moja: "Shule za huku zinafungwa-fungwa tu."

Tahariri hii inaomba tuyatenganishe. Theluji haina mwenyewe wa kumshtaki. Kalenda ya masomo ina wenyewe, wanajulikana kwa majina, na hukutana kikaoni mlango ukiwa wazi.

Tuanze na theluji, maana ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Wengi wetu hapa kaskazini mwa Missouri, kuanzia Kirksville hadi Milan, tumetoka Kongo, na jumuiya yetu ina wenzetu wa nchi jirani pia. Aliyekulia Bukavu, Uvira au Kigoma hahitaji kufundishwa maana ya barabara kukatika. Kinachomshangaza ni kuamka mjini, akaona lami mbele ya nyumba imeshasafishwa na jua linawaka, kisha simu ikamwambia hakuna shule. Uamuzi huo haukufanywa kwa ajili ya mtaa wake. Msimamizi mkuu wa wilaya, au mtu aliyemtuma, huingia barabarani tangu saa kumi alfajiri akipita njia za changarawe na zile barabara ndogo za jimbo zinazoitwa kwa herufi, kwa sababu huko ndiko basi linakoanza safari. Basi likianza kuteleza kwenye mteremko wa changarawe wenye barafu, dereva hana la kufanya, na nyuma yake wamekaa watoto. Mara nyingi uamuzi hutoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, madereva hawajawasha injini.

Baridi peke yake, hata pasipo theluji, inatosha kufunga shule. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa hutoa mfano huu: halijoto ikiwa nyuzi 0 za Fahrenheit, yaani 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na upepo ukivuma maili 15 kwa saa, mwili huhisi kama nyuzi 19 chini ya sifuri za Fahrenheit, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Mtoto anayesubiri basi lililochelewa, bila glavu, masikio nje, hana dakika nyingi za kupoteza. Tena katika baridi hiyo dizeli huanza kuganda na breki za hewa hugoma, kwa hiyo basi lenyewe huenda lisifike.

Kwa upande huu, basi, kazi iliyobaki ni yetu. Nambari ya simu iliyoandikwa ofisini mwa shule iwe ile unayoitumia leo, maana tunabadili laini kila tunapopata ofa nzuri, na tangazo linaenda kwenye laini iliyokufa. Orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto iwe na jina la jirani asiye na zamu moja na yako, kwa kuwa dhoruba ikianza mchana watoto hutolewa mapema na shule haimkabidhi mtoto kwa mtu asiyeandikwa. Jifunze pia maana ya matangazo matatu yanayochanganywa sana. Kuchelewa saa mbili maana yake shule ipo, ila inaanza saa mbili baadaye. Njia za theluji maana yake basi litapita barabara za lami tu, na wewe wa barabara ya changarawe umpeleke mtoto hadi kituo kilichopangwa. Kufungwa ni kufungwa.

Lipo na tangazo la nne, lililo geni kwa wengi wetu: masomo kwa njia mbadala. Missouri inaziruhusu wilaya zenye mpango ulioidhinishwa kufundisha hadi saa 36 kwa mwaka watoto wakiwa nyumbani, kwa kompyuta au kwa karatasi walizopewa. Siku hiyo si ya mapumziko. Mtoto asipofanya kazi aliyopewa anaweza kuandikwa hakuhudhuria. Kama nyumbani hakuna intaneti, au watoto wanne wanagombea kifaa kimoja, mwambie mwalimu mwezi wa Oktoba, usingoje Januari.

Hapo ndipo mambo ya theluji yanapoishia. Sasa tuingie kwenye kalenda.

Sheria ya Missouri inadai saa 1,044 za masomo kwa mwaka. Zamani ilidai pia siku 174, na ukizidisha 174 kwa saa sita unapata 1,044 kamili. Tangu mwaka wa masomo wa 2019–20 sharti la siku limeondolewa, zimebaki saa. Wilaya ikirefusha siku ya masomo hadi saa saba, siku 150 zinatosha na kubaki. Hesabu hiyo ndiyo iliyoipa nguvu wiki ya siku nne. Sheria iliyoiruhusu ilipitishwa mwaka 2009, wilaya za kwanza zikaanza mwaka uliofuata, na leo takriban theluthi ya wilaya za shule za jimbo hili zinafuata mpango huo, nyingi zikiwa za vijijini. Mwaka 2023 ulifika hata Independence, karibu na Kansas City, wilaya yenye wanafunzi wapatao 14,000.

Haki itendeke: wakuu wa wilaya za shule hawakuamka siku moja wakaamua kuwatesa wazazi. Kwa miaka mingi kima cha chini cha mshahara wa mwalimu kisheria katika jimbo hili kilikuwa dola 25,000 kwa mwaka. Sheria iliyosainiwa mwaka 2024 ndiyo iliyokipandisha hadi dola 40,000. Wilaya ndogo isiyoweza kushindana na miji kwa pesa ilitafuta kitu kingine cha kumpa mwalimu, ikampa Jumatatu. Walimu wengi wanaupenda mpango huo. Utafiti wa shirika la RAND uliotolewa mwaka 2021 ulikuta kwamba familia nyingi na wanafunzi katika wilaya hizo wanaupenda pia. Atakayekwenda kuwaambia wajumbe wa bodi kwamba ni wavivu atakuwa amesema uongo, na hatasikilizwa tena.

Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba baada ya muda, alama za wanafunzi wa siku nne hupanda polepole kuliko za wenzao wa siku tano. Na ile hoja ya kuokoa fedha ni ndogo kuliko inavyosemwa. Tathmini iliyofanywa mwaka 2011 na Tume ya Elimu ya Majimbo ilikadiria kwamba wilaya haiwezi kuokoa zaidi ya asilimia 5.43 ya bajeti, na zilizochunguzwa ziliokoa kati ya asilimia 0.4 na 2.5. Mshahara, bima na riba ya mkopo wa jengo havipumziki Jumatatu.

Sasa tuliangalie jambo hili kutoka nyumbani kwetu. Kalenda ya siku nne inamfaa mzazi anayefanya kazi ya saa za ofisi, mwenye mama yake shambani maili tano kutoka hapo. Sisi bibi zetu wako Goma na Bujumbura. Kiwanda wanakofanya kazi wengi wetu hakifungi Jumatatu. Na aliyeko Kirksville akafanya kazi Milan ana maili zipatazo 30 za barabara ya 6 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Mzazi wa zamu ya mchana anaondoka watoto wakiwa peke yao nyumbani, na mzazi wa zamu ya usiku analala huku sikio moja liko sebuleni. Matokeo yake tunayaona: binti wa miaka 12 anageuzwa mama wa Jumatatu, anapika, anawatuliza wadogo zake, na kazi yake ya shule inasubiri.

Kuna na chakula. Mtoto anayepata kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni hula huko milo kumi kwa wiki ya siku tano. Kwa wiki ya siku nne ni minane. Milo hiyo miwili ikizidishwa kwa watoto wanne na majuma ya mwaka mzima, si jambo dogo katika nyumba inayotuma pesa kwao kila mwezi.

Kuna na lugha. Mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hujifunza Kiingereza kwa kukisikia. Akitoka shule Alhamisi au Ijumaa asirudi hadi baada ya siku tatu, anarudi amekisahau kidogo. Theluji ikiongeza siku mbili, anarudi akiwa mgeni tena. Na mtihani wa kila mwaka wa kupima Kiingereza cha wanafunzi wa aina yake hufanyika Januari na Februari, katikati ya msimu wenyewe.

Hapo ndipo theluji na kalenda hukutana kweli. Wilaya hulazimika kutenga saa 36 za kufidia hali mbaya ya hewa, na nyingi zenye siku nne huzifidia kwa ile siku iliyokuwa ya mapumziko. Kwa hiyo mzazi aliyekwisha kumlipa mtu wa kumlelea mtoto Jumatatu huambiwa kwamba Jumatatu ijayo ni shule. Mpango aliouhangaikia mwaka mzima unavunjwa kwa ujumbe mmoja wa simu, ulioandikwa kwa Kiingereza.

Ni nani basi wa kumwendea? Huko tulikotoka tulizoea kalenda ishuke kutoka juu. Kinshasa hutangaza, Dodoma hutangaza, na mwaka 2024 mafuriko yalipoikumba Kenya, muhula wa pili uliokuwa uanze 29 Aprili uliahirishwa kwa nchi nzima hadi 13 Mei. Mzazi wa kawaida hakuwa na mlango wa kubisha. Hapa waziri hahusiki. Bodi ya watu saba waliochaguliwa na majirani zao ndiyo hupiga kura, na baadhi yao unapanga nao foleni dukani. Ile sheria ya 2024 iliagiza kwamba katika miji yenye watu 30,000 au zaidi, na katika kaunti kubwa zenye katiba yake, wiki ya siku nne ipitishwe na wapiga kura wenyewe. Kirksville ina watu wapatao 17,000, Milan ni ndogo zaidi. Maana yake ni kwamba huku kwetu neno la bodi ndilo la mwisho.

Sheria ya jimbo inadai kikao cha bodi kitangazwe angalau saa 24 kabla, na kiwe wazi kwa yeyote. Kuingia hakuhitaji uraia. Kalenda ya mwaka ujao kwa kawaida hujadiliwa majira haya haya ya baridi na kupitishwa kabla ya masika. Asiyekuwapo na lake halipo, na kwa miaka kadhaa viti vyetu kwenye vikao hivyo vimekuwa vitupu.

Tunapendekeza twende na maombi manne, yasiyo na matusi wala machozi. Kwanza, wilaya yoyote yenye siku nne, au inayoifikiria, ifungue jengo moja siku ya tano kwa watoto wadogo, na chakula kiwepo. Independence ilianzisha ulezi wa aina hiyo kwa malipo siku ya Jumatatu. Hapa tuombe ada ambayo mshahara wa kiwandani unaiweza. Pili, siku za kufidia theluji zitajwe kwa tarehe tangu Agosti. Tatu, matangazo ya dharura yatumwe kwa Kiswahili na Kifaransa pia. Hilo si hisani. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaikataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, ilikubali kwamba kumpuuza mtoto kwa sababu ya lugha ni sehemu ya ubaguzi huo. Mzazi ana haki ya kuomba mkalimani, na mkalimani huyo asiwe mwanawe mwenyewe. Nne, saa za Kiingereza zinazopotea kwa theluji zifidiwe kwa wanafunzi wanaojifunza lugha hiyo.

Kwa upande wetu, mkono mmoja haulei mwana. Kila jengo la nyumba za kupanga, kila kwaya na kila msikiti una watu wa zamu tofauti. Orodha ya zamu ikiwekwa mezani, watoto wanaweza kuzungushwa kati ya nyumba tatu bila binti yeyote kuacha masomo yake. Na wale waliofika kwa loteri ya viza wakatimiza miaka yao na kuapishwa kuwa raia, uchaguzi wa bodi ni Aprili. Jina liandikishwe kabla ya Jumatano ya nne kuelekea siku ya kura.

Bodi inaweza kutusikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha ikapiga kura kinyume na tunavyotaka. Tutalikubali hilo kama majirani wengine wanavyolikubali, na mwaka unaofuata tutarudi. Tusilopaswa kulikubali tena ni watoto wetu kupangiwa mwaka mzima katika chumba kilicho wazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa ndani yake.