JUA LIPO, TWANGOJA NINI?



Hayupo mtu mzima wa Unguja aliyeusahau mwaka 2008. Mwezi wa Mei njia ya umeme itokayo Bara kwa chini ya bahari iliharibika, na kisiwa kizima kikakaa gizani karibu mwezi. Pampu za maji zilisimama, akina mama wakarejea visimani. Hatukukoma. Disemba 2009 giza lile lile likarudi, na mara hii lilikaa miezi mitatu, hata Machi 2010. Wenye hoteli wakawasha jenereta zao. Mnyonge akawasha kibatari.

Waya ule uliwekwa mwaka 1980. Dawa iliyopatikana ni ipi? Waya mwingine, wa megawati 100, mwaka 2013! Pemba nayo, iliyokuwa ikinguruma kwa mashine za mafuta za Wesha, ilifungiwa waya wake kutoka Tanga mwaka 2010. Hatuzikatai nyaya hizi. Azikataaye ni mwendawazimu, maana ndizo zituwashiazo taa tunapopiga chapa karatasi hii. Bali twauliza: mtu mwenye jua juu ya paa lake, na Kaskazi na Kusi mlangoni pake, kwa nini roho yake yote ining'inizwe kwenye kamba ya jirani?

Wapo mabwana wanaojibu kwa kebehi kwamba jua huzama na upepo hulala. Kweli tupu, wala hapana haja ya kufichana. Kisiwa cha El Hierro, katika visiwa vya Canary vya Hispania, kilifungua mwaka 2014 mtambo wa upepo ambao ziada yake hupandisha maji kwenye hodhi la mlimani, ili yateremshwe kuzungusha mashine upepo unapotulia. Mwaka 2019 walikaa siku 24 mfululizo bila ya kuchoma mafuta. Lakini kwa mwaka mzima wa 2018 walipata nusu na ushei tu, na mashine za mafuta hawajazitupa. Nasi hapa, nani hajapita chini ya taa ya jua ya njiani iliyokufa betri, ikabaki mlingoti wa kutulia kunguru? Taa ile haikuuawa na jua. Imeuawa na aliyenunua betri rahisi, asiweke fundi wala fungu la matengenezo.

Tena bei si ile ya zamani. Baina ya 2010 na 2020 gharama ya umeme wa jua wa mitambo mikubwa duniani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 142 kwa ajili ya umeme wa visiwa hivi, jua na betri zikiwamo. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo, na walipaji ni sisi na wana wetu.

Kwa hiyo kila tawi na limwulize Mwakilishi wake, hadharani: megawati ngapi za jua zimekwisha kujengwa, na wapi? Betri za usiku ziko wapi? Na vijana wangapi wa Unguja na Pemba wamefunzwa kuzitunza? Jibu la "mipango inaendelea" lirejesheni lilikotoka.