Geji mbovu za upepo zinahatarisha maisha

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wenye magari wengi hulidharau, nalo ni kipimo cha upepo wa tairi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kondoa. Sina gari. Lakini usiku mmoja mwaka 2023 nilimsindikiza jirani yetu, mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, kwenda hospitali kwa Noah ya hapa kijijini. Kabla ya kuondoka dereva alilipiga tairi moja teke, akasema, "Mwalimu, upepo upo, jana nimejaza mjini." Katikati ya safari tairi la nyuma likapasuka. Tairi la akiba nalo halikuwa na upepo. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa nzima, mama yule akiugulia, mpaka lori likatuokoa. Namshukuru Mungu alijifungua salama.

Kesho yake fundi pancha alipima tairi la pili la nyuma kwa geji yake akakuta paundi 22. Dereva aliapa kwamba kituoni alijaziwa 35 matairi yote. Fundi akalitia tairi majini, hakuona povu hata moja. Wiki ile dereva aliazima geji ya fundi akarudi kituoni. Geji ya kituo, ambayo hubamizwa sakafuni kutwa nzima, ilisema 35. Ya fundi ikasema 24. Basi kumbe tulikuwa tumesafiri na mgonjwa kwa kutegemea kipimo cha uongo!

Ndugu Mhariri, tairi lenye upepo pungufu hujikunja sana linapozunguka, likapata joto, na joto ndilo linalolipasua, hasa gari likiwa limejaa watu. Wako wanaosema dereva mzoefu hujua upepo kwa jicho. Sikubaliani nao. Matairi ya siku hizi hubonyea kidogo ubavuni hata yakiwa na upepo wa kutosha, na ni vigumu kwa jicho kutofautisha paundi 24 na 32.

Kwa hiyo kila mwenye gari anunue geji yake mwenyewe. Ziko za kijiti, za mshale na za tarakimu zinazotumia betri. Ya kijiti ni rahisi kuweka mfukoni, lakini vumbi likiingia hukwama. Ya tarakimu husomeka vizuri hata usiku, lakini betri ikiisha haina kazi. Kwa huku kwetu mimi napendelea ya mshale, mradi mnunuzi aangalie mambo haya: mshale urudi kwenye sifuri kila mara, alama zihesabike paundi moja moja, na mdomo wake ukae vizuri kwenye vali bila kuvujisha upepo. Kwa gari dogo, geji inayoishia paundi 60 inafaa kuliko ile ya malori inayopita 150, kwa kuwa alama zake zimeachana na husomeka kwa urahisi.

Pima tairi moja mara tatu. Majibu yakitofautiana sana, usinunue. Hata yakilingana usiridhike upesi, maana kipimo kibovu chaweza kurudia uongo uleule. Kilinganishe na kingine unachokiamini.

Tena upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwani tairi la moto huonyesha upepo mwingi kuliko ulivyo likiwa limepoa. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko, aghalabu karibu na mlango wa dereva. Ile namba ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, siyo kiasi cha kujaza. Magari mengi yatokayo Japani yameandikwa kwa kilopaskali. Gawanya kwa 7 utapata paundi kwa kukaribia. Kwa mfano, 220 ni kama paundi 32. Na tairi la akiba lisisahauliwe.

Mwisho, nawaomba wenye vituo vya mafuta wabadilishe geji zilizochakaa. Tumezoea kuona Wakala wa Vipimo wakikagua mizani na pampu za mafuta ili mwananchi asipunjwe. Naomba geji za upepo nazo zitazamwe kwa jicho hilohilo. Aliyepunjwa sukari hupoteza shilingi zake, lakini aliyepunjwa upepo aweza kupoteza maisha, yeye pamoja na abiria wasiokuwa na habari.

Mwalimu wa Kijijini,
Kondoa.