Tupime kwa Debe Moja

Tangu majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, vita ile ya mbali imeingia katika mazungumzo yetu: vijiweni Mpanda mjini, katika mabasi yaendayo Tabora na Sumbawanga, hata nje ya makanisa baada ya Misa. Wengi huishangilia Urusi kama timu ya mpira, wakisema kwamba hatimaye amepatikana wa kuwatia adabu wakubwa wa Magharibi. Wengine, walio wachache, humwona kila Mrusi kuwa adui wa wanadamu. Twaona kwamba jambo hili lastahili kutafakariwa, kwa maana namna tunavyoamua ugomvi wa watu wa mbali huonyesha namna tutakavyoamua ule wa nyumbani kwetu.

Mapenzi haya kwa Urusi yana chanzo chake. Tangu 1963 hadi 1994 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Silaha nyingi za wapigania uhuru wa Msumbiji na Angola zilitoka Umoja wa Kisovieti, wakati ambapo Ureno, iliyokuwa ikiwatawala, ilikuwa mwanachama wa NATO pamoja na mataifa makubwa ya Magharibi. Vijana wetu nao walipewa nafasi za masomo. Asiyekumbuka fadhila si muungwana. Lakini tukumbuke pia kwamba Umoja wa Kisovieti haukuwa Urusi peke yake. Ukraine ilikuwa ndani yake hadi 1991, na vijana wa Kiafrika walisomea udaktari na uhandisi Kiev na Kharkiv. Ikiwa tunalo deni la shukrani, basi twadaiwa na pande zote mbili.

Hasira dhidi ya Magharibi nayo ina sababu. Mwaka 2003 Marekani na Uingereza ziliivamia Iraki bila idhini ya Baraza la Usalama, na Papa Yohane Paulo wa Pili aliipinga vita hiyo waziwazi. Mwaka 2011 ndege za NATO ziliishambulia Libya, na nchi hiyo ikagawanyika. Anayeyakumbuka hayo hakosei. Hukosea pale anaposema kwamba, kwa kuwa Magharibi walidhulumu, basi na Urusi ina ruhusa ya kudhulumu. Mwizi wa kwanza hamhalalishi mwizi wa pili.

Wakulima wa mkoa huu wanamfahamu mnunuzi anayekuja na debe lililotanuliwa wakati wa kununua mahindi, kisha akaleta debe lililobonyezwa wakati wa kuuza. Hatumwiti mfanyabiashara, twamwita mdhulumaji. Basi na sisi tusiwe na madebe mawili, moja la kupimia vita vya Magharibi na jingine la kupimia vita vya Urusi.

Taifa letu liliwahi kutumia debe moja. Huko Cairo mwaka 1964, Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kuwaomba viongozi wa Afrika waiheshimu mipaka waliyoirithi, ingawa ilichorwa na wakoloni, ili tusije tukauana kwa ajili yake. Mwaka 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia. Mwaka 1968, majeshi ya Kisovieti yalipoingia Chekoslovakia, Tanzania ileile ililaani kitendo hicho, ingawa rafiki zetu wapigania uhuru walikuwa wakipata silaha kutoka Moscow. Kutofungamana na upande wowote hakukuwa na maana ya kutokuwa na dhamiri.

Tena twayajua haya kwa uchungu wetu wenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na punde akatangaza kwamba ardhi yetu iliyo kaskazini mwa mto Kagera ni mali ya Uganda. Hatukukubali. Septemba 2022 Urusi ilipotangaza kwamba mikoa minne ya Ukraine ni yake, je, tulisahau Kagera? Tarehe 2 Machi 2022, mataifa 141 katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa yaliitaka Urusi iondoe majeshi yake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa 35 yaliyojizuia kupiga kura. Serikali huwa na sababu zake za kujizuia. Lakini kujizuia si kushangilia, na dhamiri ya raia haifungwi na kura ya serikali yake.

Wala vita hii si mchezo wa kutazamwa kutoka mbali. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda mno duniani, hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku, na mkulima wa Mlele na Nsimbo aliyaona hayo shambani mwake. Mwaka huohuo kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma, kisha akafungwa gerezani huko, aliahidiwa msamaha kwa sharti la kupigana upande wa kundi la Wagner. Aliuawa Oktoba 2022, na mwili wake ukarejeshwa nyumbani Januari 2023. Waliomzika hawakuwa na timu ya kushangilia.

Hapa Katavi tunao majirani wa Katumba na Mishamo, ambao wao au wazazi wao waliikimbia Burundi mwaka 1972. Hao hawahitaji kuelezwa vita ni nini. Twawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wawape nafasi ya kusimulia, vijana wakisikiliza.

Basi yatupasa mambo matatu. Tumpokee Mrusi, Mmarekani na Mukraine kama mtu, bila kumbebesha dhambi za watawala wake. Tukisikia habari za vita, tuulize kwanza ni nani aliyevuka mpaka na ni nani anayezikwa, kabla ya kuuliza ni nani rafiki yetu. Na kijana akiahidiwa masomo au kazi ng'ambo, iwe Urusi, Uarabuni au Magharibi, wazazi wasitie sahihi kabla ya kuusoma mkataba wote pamoja na mtu anayeielewa lugha yake, na kuuliza wizarani kama anayeuleta anatambulika.