Tusipojinukuu, Nani Atatunukuu?

Muhula uliopita nilimwonyesha msimamizi wangu makala yangu ya Kiswahili kuhusu riwaya za Kezilahabi. Nilitaka kuipeleka kwenye jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akasema, "Iandike kwa Kiingereza, tafuta jarida lenye namba kubwa."

Namba gani tena? Nikaenda kusoma. Kumbe hesabu yenyewe ni rahisi. Ukitaka namba ya mwaka 2024, unahesabu makala za 2022 na 2023 zimenukuliwa mara ngapi mwaka huo katika majarida yaliyomo kwenye orodha yao, kisha unagawanya kwa idadi ya makala hizo. Basi.

Jamani, miaka miwili! Kwa watu wa tiba sawa, mambo yao yanakwenda mbio. Lakini Nagona ilitoka 1990 na mpaka leo wasomi wanavutana juu yake. Makala ya fasihi inaweza kukaa miaka kumi ndipo ipate msomaji wake. Na mwalimu wa Morogoro au Mombasa anayeitumia darasani hahesabiwi popote. Jarida hili mizizi yake inafika 1930, enzi za Kamati ya Lugha. Faida yake utaipima kwa miaka miwili kweli?

Simlaumu msimamizi. Anajua kazi za vyuoni zinavyogombewa, ananitakia heri. Wa kulaumiwa ni sisi pia. Juzi nilifungua tasnifu yangu ya uzamili nikaona aibu. Mawazo mengi niliyaokota kwenye makala za Kiswahili, lakini kwenye marejeo nikajaza za Kiingereza, eti nionekane msomi. Halafu nalalamika kwamba majarida yetu hayana athari! Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tunacheza, lakini kutunzana hatutaki.

Kisingizio cha kwamba hayapatikani nacho kimechakaa. Swahili Forum, kwa mfano, linasomwa bure kwenye intaneti.

Ombi langu ni moja tu. Ukichukua wazo kwenye makala ya Kiswahili, mtaje mwenyewe, hata kama insha yako ni ya Kiingereza. Hilo halihitaji ruhusa ya msimamizi wala pesa ya mtu.

Makala yangu nimeshaituma Dar. Ya Kiingereza itafuata, na itainukuu ya kwanza.