Nairobi–Mombasa ni lisaa limoja, kama huna haraka

Wasee, kila mtu akipanda ndege kwenda Mombasa lazima aposti: "Dakika 45 tu, niko bahari." Sawa, hongera. Lakini hizo dakika ni za hewani pekee yake.

Kutoka JKIA hadi uwanja wa Moi kule Mombasa, mstari ulionyooka ni kama kilomita 420. Barabara ni karibu 480. Lisaa limoja la kwa tiketi linahesabiwa kutoka ndege ikiondoka pale imepaki hadi ikapaki tena upande ule mwingine. Jam yako ya Githurai haimo. Kufika mapema, ukaguzi, kungojea begi, halafu Changamwe na Makupa jioni, hayo yote ni juu yako. Mlango kwa mlango ni masaa 4, na hapo uko na bahati. SGR ukiongeza kufika Syokimau na kutoka Miritini inakaribia 8. Basi la usiku ni 8 hadi 10, lakini si unalala ndani?

Kwa mtu wa likizo, hiyo tofauti ni ya kupiga picha tu. Wacha niseme ukweli, mimi siku zote ni basi.

Kuna siku moja tu hayo masaa 4 yana maana. Nyanya yako wa Kisauni anafariki usiku, unapigiwa simu saa 11 alfajiri ukiwa Eastleigh. Waislamu hawakawizi maiti: anazikwa leo, labda baada ya swala ya adhuhuri. Treni ya asubuhi inaingia Miritini kama saa 8 mchana. Ukifika Kisauni, watu washatoka makaburini. Basi usitaje. Imebaki ndege.

Sasa fungua simu uangalie bei ya leo-leo. Kiti ambacho mtu wa likizo alinunua mwezi uliopita kwa bei ya kawaida, wewe unauziwa mara mbili, pengine zaidi. Yaani ndege ni bei rahisi kwa asiye na haraka, na ghali kwa yule ambaye haraka imemshika koo. Na tiketi ya kawaida ya SGR ni 1,500, ndiyo pesa wengi wetu tuko nayo.

Delta na Air Canada wana nauli ya waliofiwa. Sioni kwa nini mashirika yetu yasiweke viti 2 kwa kila ndege ya ndani, bei ya kawaida hadi lisaa la mwisho. Mtu alete barua ya imamu, pasta au chifu, kibali cha mazishi kifuate baadaye. Najua mtaniambia Wakenya watadanganya. Wachache watajaribu, ndiyo. Asiyeleta kibali ndani ya wiki 2, akatwe tofauti.

Wewe ukipigiwa hiyo simu kesho, uko na ngapi kwa M-Pesa?